Viambishi Chini ya Meza ya Vifungo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifuata nguo Guangzhou, Uchina, huku shahada yangu ya ualimu wa Kirusi ikilala sandukuni Moshi. Mawifi zangu waliiita shahada ya theluji. Walicheka, nami nikacheka nao, lakini iliniuma: miaka mitano ya ujana wangu, na sikuwahi kufundisha hata siku moja.

Siku moja, katika soko la jumla la Shisanhang, mzee muuza vifungo alishindwa kunielewa kwa Kiingereza, akanung'unika kwa Kirusi. Kirusi! Nikamjibu kwa Kirusi hichohicho, nusura aangushe kikombe cha chai. Alikisoma enzi zile Uchina na Urusi zilipoitana ndugu. Akatoa daftari chini ya meza. Humo alikusanya viambishi adimu, vile vya kale ambavyo Warusi wenyewe hawavioni tena ndani ya maneno yao.

Moyo ulinidunda. Lakini sokoni pale ukipenda kitu unakunja uso na kukisukuma pembeni, la sivyo bei inapanda. Mazoea yana tabu. Nikakunja uso, nikalisukuma daftari.

Mzee akalifunga taratibu, akalirudisha chini, akaanza kunifungia vifungo nilivyonunua.

"Hapana, mzee wangu! Nimelipenda!" nilipiga kelele, hadi wanunuzi wa meza ya jirani wakageuka. "Nimelipenda mno! Lifungue tena, nakuomba!"

Akanitazama kwanza. Halafu akalifungua.

Ukurasa wa *su-* ulikuwa na neno moja tu. Nikamwambia maana yake ya kale ni "pamoja". *Suprug*, mwenzi wa ndoa, ni yule mliyefungwa naye nira moja. *Sutki*, siku nzima, ni pale mchana na usiku vinapogusana. Tukaingia kwenye *pa-*, kitu kinachokaribia kingine bila kuwa chenyewe: *pasynok*, mtoto wa kambo. Hapo akanibishia, nami nikambishia zaidi, mikono hewani, jasho linanitoka, nina furaha ya kichaa. Wateja wake walisubiri. Yeye aliandika tu.

Alipomaliza akanigeuzia daftari nihakiki. Kando ya kila neno nililompa alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo safi za Kirusi: "Kutoka kwa mwalimu wangu, Mwafrika."

Mzee wa miaka sabini na ushee. Nikashika ukingo wa meza, nikalia mbele za watu.