Mkaa wa Bernado Usiotoa Moshi

Jua limeshapanda, na Bernado Magoti anazunguka tanuri lake la mkaa akiwa na koleo mkononi. Kila anapoona moshi unachungulia pasipotakiwa, anatupia udongo na kuukanyaga. Tanuri ni rundo refu la magogo lililofunikwa nyasi na udongo, pembeni mwa shamba lake la mihogo, nje kidogo ya Butiama.

“Likipata hewa nyingi, kesho unakuta majivu,” anasema bila kuinua kichwa. “Ukilibana vizuri, linakupa mkaa.”

Kazi ya kuubana moto anaijua tangu ujana, na sasa ana miaka hamsini na minane. Moshi mweupe mzito humwambia kwamba magogo bado yanatoa maji. Ukigeuka mwembamba, wenye rangi ya bluu, kazi inaelekea kwisha.

Maji na moshi vikishatoka, kinachobaki kwenye gogo ni kaboni karibu tupu: nyeusi, nyepesi, haiozi, na mchwa hana habari nayo. Ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya penseli ya mtoto wa shule, na wenye bahati huichimba ardhini ikiwa almasi. Ya Bernado huishia jikoni.

Mkaa wake ulikuwa na jina kuanzia Bunda hadi Iringo, mjini Musoma. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama sahani, na vikishika moto havitoi moshi wala kurusha cheche.

“Nilikuwaga najisifu,” anasema. “Nawaambia wateja, huu hata ukiweka chumbani hukohoi.”

Kauli hiyo ndiyo inayomtafuna.

Miaka mitatu iliyopita binti yake mkubwa, Recho, alijifungua mtoto wa kike nyumbani kwa mumewe, huko Makoko, Musoma. Kwao, binti akijifungua, baba yake humpelekea mkaa wa kuota moto chumbani mpaka mwili upate nguvu. Bernado alichagua gunia zima kipande kwa kipande, akaviacha vilivyoiva nusunusu, akalipeleka mwenyewe. Mkewe, Dafroza, alikuwa ametangulia kumtunza mzazi.

Asubuhi moja baada ya mvua, upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Dafroza aliwasha jiko nje, akasubiri mkaa uwe mwekundu, kama wanavyofanya akina mama wengi, ndipo akaliingiza. Akafunga dirisha. Akamchukua mjukuu kwenda kumwogesha chumba cha pili, akaufunga na mlango ili mzazi asipigwe na baridi.

Aliporudi na mtoto apate kunyonya, Recho hakuamka.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwa upole. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliyelala huzidi kulala.

Bernado alielewa upesi kuliko alivyotaka. Chumba kile kilikuwa kimebanwa kama anavyobana yeye tanuri.

“Ningempelekea mkaa mbaya, ule haujaiva, angekohoa,” anasema. “Moshi ungemwamsha mwanangu. Mimi nikachagua mzuri.”

Anageuka na kujifanya anatafuta tundu la kuziba. Hakuna tundu.

Dafroza alibaki Makoko kumlea mjukuu, Adventina. Hawakugombana, wala hakuna aliyemtupia mwenzake neno. Mama anasema mlango aliufunga yeye. Baba anasema mkaa ulikuwa wake. Wangekaa pamoja wakalia pengine wangepata nafuu, lakini kila mmoja anaona aibu kutazamwa na mwenzake. Nyumba ya Butiama imepoa, na inauma kuiona.

Kazi hakuiacha. Mihogo humlisha tu, lakini gunia la mkaa humpatia kama shilingi elfu thelathini. Kila mnunuzi sasa anaambiwa jiko libaki nje hata likiwa jekundu namna gani. Wengine humcheka. Mmoja alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeusifia.

Mwezi ujao Lukresia, mdogo wake Recho, anatarajia kujifungua, naye atatunzwa na mama yake hukohuko Makoko. Edwin, mume wa Lukresia, alimpigia mkwewe simu akamwomba, kwa kigugumizi, asilete mkaa. Bernado alikubali kabla kijana hajamaliza. Kilichomnyima raha ni kwamba hakuna aliyemwambia kama yeye mwenyewe anatakiwa.

Wiki iliyopita alijikaza akampigia Dafroza, akauliza kama anaweza kwenda.

“Baba Recho, njoo,” akasema mkewe. “Baridi ikija mkono wangu unaendaga wenyewe kwenye mlango. Nikiwa peke yangu nitafunga tena.”

Anapokumbuka maneno hayo, Bernado analichomeka koleo ardhini na kuketi kwenye gogo. Machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Mpango wake ni mdogo. Ataenda na mablanketi mazito badala ya gunia, na atakaa Makoko mpaka Lukresia apate nguvu, tanuri libaki bila mtu.

“Nitaweka kiti changu mlangoni pale, kusiwe na wa kufunga,” anasema. “Lukresia ataona baridi. Lakini ataamka.”