Mafuta ya Cherehani

Shemeji yangu anaitwa Shabaha, na jina hilo analistahili. Kwa miaka ishirini na miwili amewinda nguruwe pori wanaovamia mashamba, na sijawahi kusikia bunduki yake imemgomea. Ni bunduki ya pampu: unavuta mpini wa mbao ulio chini ya mtutu, ganda tupu linaruka nje, unausukuma mbele, risasi nyingine inaingia. "Chuma hiki hakina mwenzake," hupenda kujisifu. Kuitunza, kwake yeye, ni kuifungia kabatini na kutembea na ufunguo.

Akirudi kuwinda huchomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, huilaza bunduki juu ya meza ya kushonea, kisha huenda kuoga. Akitoka bafuni anaikuta inang'aa. "Dada yako ana ugonjwa wa kupangusa vitu," aliniambia siku moja.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ufundi wa bunduki aliupata kwenye kijitabu chenye picha kilichokuja nayo, ambacho shemeji alikuwa amekikunja akaegemezea mguu wa kabati. Kwanza huvuta mpini nyuma na kuingiza kidole chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Kisha hufungua mtutu na kupitisha ufito wenye kitambaa, masalio ya sare za shule, akibadilisha mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mwisho ni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye njia ya mpini, na hilo nalo hulifuta, maana mafuta mengi hukusanya vumbi na mpini ukakwama.

Mwaka huu tulikwenda wote watatu kuhuisha leseni ya bunduki, kwa kuwa dada alikuwa apitie vifungo dukani. Tulimkuta mkaguzi mpya, kijana mpole kupita kiasi.

"Mzee, naomba uifungue, uisafishe, uifunge. Ukishindwa, itabaki hapa mpaka ujifunze."

Shemeji alicheka. Akachomoa magazini, akashika bisibisi, akahangaika na skrubu ambayo haikuwa na kosa lolote. Jasho likaanza kumtoka. Mimi nilitazama dari. Shemeji yako akiumbuka, na wewe umeumbuka.

"Siyo hiyo, baba watoto," dada alisema taratibu.

Mkaguzi akageuka. "Mama, unaweza?"

Shemeji akampa mkewe bunduki bila kumtazama. Dada akavuta mpini, akaingiza kidole.

"Mbona kidole?" mkaguzi aliuliza. "Si mzee ametoa risasi mbele yetu?"

"Ametoa magazini. Ile iliyokwisha kuingia chemba haitoki na magazini."

"Umewahi kuikuta?"

Dada aliendelea kufungua mtutu. "Mara tatu."

Dada alimaliza kazi yake kwa dakika kumi, akafuta mikono kwa leso. Mkaguzi aliisifu kazi, lakini bunduki akaizuia: leseni ilikuwa ya mzee, si ya mama. Nilitegemea shemeji awake moto. Alitia sahihi tu.

Nyumbani hakwenda kuoga wala kukaa. Alisimama kando ya cherehani.

"Ziko wapi?"

Dada akafungua kopo la vifungo, akatoa risasi tatu, kila moja imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Kimoja kilikuwa cha njano, kimefifia. Shemeji alikitambua, nami nikakitambua: ni cha gauni la kifungua mimba wao, alipokuwa akitambaa chini ya meza hiyohiyo. Niliona hasira ikinipanda, na sikujua nimkasirikie nani kati yao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile nilikuuliza kama umetoa zote," dada alisema. "Ukaapa kwa jina la mtoto."

Shemeji akavuta kigoda, akakaa mezani. "Haya, nifundishe hata bila bunduki," alisema. "Anza na kidole."