Masikio ya Clarrie

Clarrie Pascoe alikuwa fundi bomba wa mji wa Bendigo mpaka magoti yake yalipogoma, na maisha yake yote aliamini kuwa kinachovuja kina dawa. Ugonjwa wa kusahau wa mkewe Dulcie ukamshinda. Dulcie, msusi aliyewahi kujua siri za nusu ya mji, sasa siku nyingine hata jina la mumewe halimjii.

Nesi akawashauri waende kwenye jumba la sanaa. Kila Alhamisi wenye maradhi hayo hukaribishwa pamoja na watu wao, watazame picha, kisha wachore.

"Watamcheka," Clarrie alinung'unika. Lakini alimpeleka, maana nyumbani walikuwa wamebaki kutazamana tu.

Mwenyeji wao, Ngaire, aliwakalisha mbele ya picha ya bibi wa zamani mwenye gauni jeusi. Hakuuliza nani kaichora wala lini.

"Huyu mama mnamwonaje?"

Dulcie akasema, "Nywele hizo kakatwa na adui yake."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Clarrie akageuka huku na huku, uso umemwiva, tayari kwa ugomvi. Ndipo akaona hawamcheki Dulcie; wanacheka naye.

"Ungekuwa wewe ungemfanyaje?" Ngaire akamuuliza Dulcie. Dulcie akaeleza kwa furaha, vidole vikikata hewa kama mkasi, hata mzee mmoja mwenye kipara akaomba naye ahudumiwe.

"Wewe mpenzi umechelewa kuja," Dulcie akamwambia.

Zikaletwa rangi, kila mtu amchore aliyeketi naye.

"Mimi nimemleta tu," Clarrie akakataa.

Dulcie alimkazia macho, akachora uso wa buluu na masikio kama milango ya gari iliyoachwa wazi.

"Ndiyo masikio yangu hayo?"

"Nimeyapunguza. Ya kweli hayakuenea kwenye karatasi." Kisha akamwinamia, akanong'ona, "Samahani, bwana. Umeoa?"

Clarrie akajibu, "Nimeoa."

"Ah! Wazuri wote wameshachukuliwa."

Clarrie alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yeye mwenyewe hakujua ni ya nini. Akavuta karatasi, akashika brashi kama anashika spana, akaanza kumchora.

Dulcie akachungulia. "Kiazi gani hicho?"

"Ni wewe."

"Basi nimekomaa vizuri," Dulcie akasema, akamsogezea rangi ya njano.