Ugomvi wa Gramu na Chuo cha Ng'ambo

Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna swali lililonitoa jasho kama lile lililokuwa kwenye fomu ya mpwa wangu. Lilikuwa mstari mmoja tu: Kwa nini unataka kusoma katika chuo chetu? Chini yake waliacha nafasi ya kurasa mbili nzima.

Mpwa wangu huyo tunamwita Gramu. Ni binti wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa, mfupi, mbishi, na akishika bisibisi hasikii hata ukimwambia nyumba inaungua. Mimi ni mwalimu mstaafu na naishi kwenye chumba cha uani cha nyumba yao tangu mke wangu alipofariki. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa na haki ya kuingilia.

Chuo chenyewe kiko mbali, ng'ambo huko, nchi ya baridi. Kilikuwa kinatafuta mwanafunzi mmoja kutoka nje, mmoja tu, wa kusomea sayansi ya vipimo, na huyo mmoja angesomeshwa bure mpaka mwisho. Gramu hakutaka chuo kingine. Cha hapa karibu kilikuwa kimeshampa nafasi ya kusomea biashara, akaiacha ikapita huku mama yake ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo ng'ambo ikishindikana, mtoto anabaki nyumbani hana hiki wala kile. Fomu ya namna hiyo haiachiwi mtoto.

Nikakuta ameshaijibu. Aliandika: "Kwa sababu mizani yenu inakosea jua likiwaka, na baba yangu ameadhibiwa kwa kuirekebisha." Basi. Mstari na nusu kwenye kurasa mbili!

"Gramu," nikamwambia, "hapa unaomba nafasi au unatangaza vita?"

"Wameuliza kwa nini, Mjomba. Nimewajibu."

"Mtu haombi maji kwa kumtukana mwenye kisima."

"Sijamtukana. Nimemwambia maji yana tope."

Nikaichana ile karatasi mbele yake. Nilikuwa nimezoea kuchana kazi mbovu.

Alichokiandika kilikuwa kweli, hilo sikatai. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa fundi mizani pale sokoni, na hizi mizani za kuning'iniza zenye uso wa saa alizijua kuliko anavyonijua mimi. Alishagundua zamani kwamba zile za kampuni moja ya ng'ambo zikipata joto springi inalegea, mshale unazidi, na mnunuzi anapunjwa bila muuzaji kujua. Dawa yake aliitafuta mwenyewe. Ndani ya pasi ya umeme kuna kile kipande chembamba cha madini mawili yaliyobanwa pamoja, kinachojikunja pasi ikipata moto. Shemeji alikuwa anakitoa kwenye pasi mbovu, anakifunga nyuma ya mshale, na jua likiwaka kinajikunja na kuurudisha mshale mahali pake. Kazi safi kabisa.

Siku moja akaja mkaguzi wa vipimo. Akafungua mizani, akaona kipande cha pasi, akauliza hiki nini. Shemeji akaeleza. Mkaguzi akamwonyesha kibao kidogo kilichobanwa ndani, kimeandikwa kwamba mizani hiyo ilipimwa na kupitishwa na maabara ya chuo kikuu, ndicho chuo hiki hiki.

"Hii imethibitishwa na chuo kikuu," mkaguzi akasema. "Wewe umethibitishwa na nani?"

Akamnyang'anya koleo la kubania lakiri ya ukaguzi, ambalo fundi mizani akilikosa hana kazi, akaondoka nalo mchana kweupe soko zima likitazama. Tangu siku hiyo shemeji anatengeneza vitasa vya milango. Watu wakamwita mwizi wa gramu, na binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, wakamwita Gramu. Mtoto akalikubali jina. Mwalimu mpya akimuuliza anaitwaje, anajibu Gramu, na anamkazia macho mpaka aliandike.

Lakini aibu ya nyumbani haiandikwi kwenye fomu ya chuo. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na ndivyo nilivyomwambia. Nikakaa mezani siku tatu nikaandika jibu la heshima. Lilianza, "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na kiu isiyokatika ya elimu." Likapitia mchango wa sayansi katika maendeleo ya binadamu, likagusa amani, likashuka kwenye mazingira. Dada akaomba niongeze kwamba binti yake hana makundi na anafua nguo zake mwenyewe. Nikaongeza. Shemeji nikamuuliza kama ana neno. Alikuwa anapaka kitasa mafuta.

"Andikeni mnavyoona," akasema.

Siku ya kutuma nilikuwa na hasira zangu nyingine, maana shati langu la kwenda mjini lilikuwa limejikunja kama karatasi ya maandazi, na pasi sikuwa nayo. Pasi yangu ilipotea. Ilikuwa pasi nzito, nzima, zawadi ya kustaafu kutoka kwa walimu wenzangu, na ilitoweka kwenye rafu ya chumba changu bila kuaga. Nilijua aliyeichukua. Jirani yetu ni dobi, na dobi ana haja gani na pasi ya mtu kama si kuitumia? Ilikuwa inafika miezi saba sijaitikia salamu yake. Naye kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," nami napita nimenyoosha shingo.

Wiki tano baadaye chuo kikajibu. Kati ya waombaji mia nne walichaguliwa arobaini, na Gramu yumo! Sasa alitakiwa kufanyiwa usaili kwa video, Jumatano saa nane mchana, na profesa mwenyewe wa maabara ya vipimo. Sitaficha, nilivimba kichwa. Nilizunguka mtaa mzima nikimsomea kila aliyesimama ile sentensi ya kiu isiyokatika.

Jumatano nikaichukua sebule chini ya amri yangu. Nyuma ya kiti cha Gramu kulikuwa na takataka zake za siku zote, mizani mbili za kampuni ile ile zikining'inia kwenye fremu ya chuma, na jiwe la kilo kumi.

"Profesa akiona vyuma hivi atadhani unaishi gereji," nikasema. Saa nne asubuhi nikazitoa nje mwenyewe, fremu na vyote, nikaziegesha uani kwenye jua kali. Mahali pake nikapanga vitabu vyangu na maua ya plastiki ya dada. Nikamfundisha Gramu jibu mpaka akalitoa bila kupepesa. Kisha tukakaa watatu upande ambao kamera haifiki, dada, shemeji na mimi. Amri ilikuwa moja: asisikike mtu. Mimi peke yangu niliruhusiwa kunong'ona, kwa sababu usaili ulikuwa kwa lugha ya wenyewe na dada na shemeji hawaijui.

Profesa akatokea kwenye kioo. Mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, shingoni skafu ya sufi, naye yuko ndani ya nyumba. Wakasalimiana. Kisha akasema, "Nimesoma barua yako." Nikamgonga shemeji kwa kiwiko.

"Nimesoma barua arobaini," profesa akaendelea, "na zote zina kiu ya elimu. Vyuo viko vingi. Kwa nini huku kwetu?"

"Anasemaje?" dada akaninong'oneza.

"Anaisifu barua," nikasema.

Gramu akafungua mdomo kutoa jibu langu. Akaufunga. Akanitazama, akamtazama baba yake, na mimi nikajua kwamba siku zangu tatu za mezani zimekwenda na maji.

"Barua ile aliandika mjomba wangu," akasema.

Nikamtolea macho.

"Mimi niliandika mstari mmoja na nusu, akauchana. Nataka kuja kwenu kwa sababu mizani mliyoipitisha inakosea jua likiwaka. Mliipimia kwenye chumba ambacho watu wanavaa skafu. Huku kwetu inapunja watu kila siku mchana. Baba yangu aliliona hilo, akalitibu, akanyang'anywa kazi kwa sababu jina la chuo chenu lilikuwa ndani na lake halikuwemo. Nataka nijifunze kupima hapo hapo mlipopimia, ili siku nikisema baba yangu hakuwa mwizi, asiwepo wa kuniuliza nimethibitishwa na nani."

"Anasemaje?" dada akauliza tena.

Safari hii sikuwa na la kubuni. Shemeji naye alikuwa amenigeukia, mikono yake yenye mafuta imetulia magotini. Katika miaka saba sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile, na mimi sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Nikamtafsiria neno kwa neno. Niliona aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, maana maneno yale nilikuwa nimeyachana kwa mkono huu huu. Shemeji alikubali kwa kichwa, kisha akatazama sakafu.

Profesa aliivua miwani. "Unaweza kunionyesha?"

Gramu akachomoka. Akarudi anaburuta fremu, mizani zimekaa juani muda wa saa nne nzima, moto huwezi kuzishika. Vitabu vyangu vikaanguka, maua ya plastiki yakabiringika. Akaining'iniza kilo kumi kwenye mizani ya kwanza, akaisogeza kamera. Mshale ukaupita mstari wa kumi, ukaenda kusimama gramu sitini mbele.

"Hii ni kama ilivyotoka kwenu," akasema. "Na hii nimeitibu mwenyewe, kama baba alivyonifundisha."

Akahamishia jiwe kwenye mizani ya pili. Mshale ukapanda, ukacheza kidogo, ukatulia juu ya kumi kamili. Sasa akalifungua bati la nyuma ya mizani, akasogeza kamera karibu, ili profesa aone kile kipande kilivyojikunja. Bati lenyewe alilikata kutoka kwenye ganda la kitu fulani, limeng'arishwa, lina maandishi ya kuchongwa. Nikainama kuyasoma. Yalisema: KWA MWALIMU WETU MPENDWA.

"Hiyo ni pasi yangu!"

Sikupanga kusema. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha wanafunzi sabini. Dada akanifinya. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya kamera, shati limejikunja, nimenyoosha kidole.

"Nani huyo?" profesa akauliza. "Anasema nini?"

"Ni mjomba aliyeandika barua," Gramu akajibu. "Anasema kipande hiki kimetoka kwenye pasi yake."

"Na kimetoka?"

"Ndiyo. Pasi mbovu ziliniishia."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miezi minane nilikuwa nikimnunia dobi wa watu! Profesa alicheka mpaka skafu ikamvuka. Kisha akaomba mshale uonyeshwe tena, mizani ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Akaandika. Akamuuliza Gramu kipande kina unene gani, kinafungwa umbali gani kutoka kwenye mhimili, nani aliyeugundua umbali huo.

"Baba yangu. Yule pale."

Profesa akaomba kumwona. Shemeji akasogea kwenye kamera na kofia mkononi. Wale watu wawili hawana lugha moja. Profesa akamwinamia kichwa, shemeji akamwinamia kichwa, na usaili ukaisha hivyo.

Jioni ile ile nilikwenda kwa dobi. Nilipanga hotuba, nikaishia kusema, "Mwanangu, nimekukosea." Akalichukua shati langu, akalinyoosha. Amekuwa akilinyoosha tangu siku hiyo, na kila akinirudishia ananiuliza kama nimehesabu pasi zangu. Nastahili.

Jibu la chuo lilichukua mwezi na ushee. Gramu alipata ile nafasi moja. Dada alipiga vigelegele mpaka wapangaji wa nyuma wakatoka na ndoo za maji wakidhani kuna moto. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine ambayo hatukuitegemea. Maabara ilisema imerudia jaribio kwenye chumba cha joto, mizani imekosea kweli, na marekebisho yangeingizwa kwenye daftari lao la vipimo, nakala ipelekwe kwa wakaguzi wa kila nchi ambako mizani hiyo ilinunuliwa. Iliomba taarifa mbili tu zijazwe na mhusika.

Shemeji alikwenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Akakaa mezani, akanisukumia karatasi na kalamu.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye mwandiko."

Kalamu niliipenda, siwezi kusema uongo. Mwandiko ninao. Nikamrudishia.

"Andika mwenyewe, shemeji."

Aliandika taratibu, ulimi nje kidogo, sisi tumemzunguka. Mahali palipoandikwa Jina la fundi aliweka jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, mpaka likamaliza mstari likapanda ukingoni. Gramu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, analia bila kujifuta. Kisha shemeji akashuka kwenye swali la pili, Kifaa kilichotumika, akafikiri, akanitupia jicho, na akaandika kwa herufi kubwa: PASI YA SHEMEJI. ILIKUWA NZIMA.