Nilimwekea baba meno ya bandia kwa ajili ya video ya mahari, sasa Bunia nzima wananicheka mimi

Wakuu, salaam kutoka Bunia, huku Ituri. Haya ninayoandika sijayatia chumvi hata kidogo. Mwenye shaka apite kwangu nimwoneshe ushahidi, umo ndani ya glasi ya maji juu ya friji.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda changu hapa mjini. Kwetu ni Mahagi, na baba yangu bado anaishi huko na shamba lake la mihogo. Mama alishatangulia.

Mwaka huu nilipata mchumba anaitwa Asifiwe. Familia yao inakaa mtaa wa Lumumba, watu wa ng'ombe na biashara, watu wa kukaribishwa viti vya mbele kanisani. Mnaelewa presha niliyokuwa nayo.

Sasa tuanze na stika.

Baba hana meno ya mbele ya chini. Hayakuoza, wala hakupigana na mtu. Kwetu wazee wa rika lake waling'olewa wakiwa vijana, ilikuwa alama kwamba umekua. Baba anasimulia kwamba siku ile hakutoa hata chozi. Anasimulia hivyo kila Noeli, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwenye harusi ya binamu yangu huko Mahagi, mpiga video akamnasa katikati ya kicheko. Macho yamefumba, mdomo wazi, ufizi wote nje. Mtu asiye na kazi akaikata picha ile akatengeneza stika ya WhatsApp.

Wakuu, stika ile ilisafiri kuliko mimi. Ilifika Kpandroma, ilifika Nyankunde, ikaingia Bunia. Mimi fundi simu mzima, mteja akiniletea simu nimbadilishie kioo, nilikuwa naitafuta naifuta kimyakimya. Nafuta asubuhi, jioni nakuta mtu mwingine anayo.

Siku moja nikamtumia shemeji yangu Héritier, kaka yake Asifiwe, ujumbe kwamba tarehe ya mahari imekubaliwa.

Akanijibu kwa stika. Ya baba yangu.

Hakujua ni nani. Familia yao yote ilikuwa haijawahi kumwona baba, mazungumzo ya mahari yalibebwa na baba mdogo Ukumu. Nikaona picha yote kichwani: baba anaingia kwao Lumumba, anacheka, watoto wanapiga kelele, na mimi nabaki kuwa mkwe wa stika maisha yangu yote.

Nikamweleza Asifiwe. Akaniuliza:

"Baba yako iko na shida gani? Mi naona muzee anacheka tu."

Wanawake hawaelewi mambo ya heshima, nikajisemea. (Msinipige mawe, nilikuwa hivyo.)

Nikamleta baba Bunia mapema kabla ya siku yenyewe. Nikampeleka kwenye cabinet, kliniki ya docta wa meno. Kwa kuwa nilikuwa pale, na mimi nikafanya blanchiment, kung'arishwa meno, maana bwana arusi lazima ang'ae kwenye video. Meno yalitoka meupe kweli. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hata upepo ulikuwa unaniuma. Soda ya baridi nilikuwa naiangalia tu kwa mbali.

Baba nilimdanganya. Nilimwambia meno ni ya kumsaidia kutafuna nyama siku ya sherehe.

"Nyama nimekula miaka yote," akasema. "Lakini kama itakufurahisha weye, twende."

Docta alimchunguza, akachukua vipimo kwa ule uji mzito wa rangi ya waridi, tukasubiri kazi iishe. Kikatoka kifaa kizuri, meno madogo yamepangwa, na vikulabu vya waya vya kushika meno ya pembeni. Kusema haki docta alifanya kazi yake. Na alinionya.

"Ulimi ya muzee imezoea hii nafasi tangu zamani. Mumuache azoee polepole. Akule chakula ya laini, asome kwa sauti, na murudi hapa nirekebishe kabla ya sherehe."

Kurudi? Nilikuwa na mambo ya hema, viti, muziki. Nikasema tutarudi baada ya mahari.

Baba alikaa nyumbani kwangu akizungusha ulimi mdomoni. Alikuwa akiongea kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Na kitu ambacho sikukitilia maanani: aliacha kucheka. Baba yangu, ambaye hucheka hata akisoma bei ya saruji, alikuwa anafunga mdomo na kutabasamu kwa adabu kama waziri. Mimi nikasema safi, ndicho nilichotaka.

Siku ikafika.

Hema limejaa. Mama mkwe amekaa mbele na sahani ya karanga, uso umekaza. Ni mama wa kuogopwa, kwaya nzima ya akina mama wa kanisani inamtii. Na alishasema mapema kabisa kwamba binti yake hatoki pale bila baraka ya baba mzazi. Baba mdogo tumemwona, alisema, lakini baba mdogo hakukuzaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilipaswa kukikumbuka kabla ya kwenda kwa docta.

Kwenye ukoo wetu baba hambariki mtoto kwa maneno tu. Anachukua maji mdomoni, anawapulizia nyie wawili. Bila maji yale, wazee wetu wenyewe huhesabu kwamba bado hamjaoana.

Wakaleta maji ndani ya kibuyu. Mimi na Asifiwe tukapiga magoti. Mpiga video akasogea karibu, nilimlipa vizuri asogee karibu. Baba akabugia maji, akavuta pumzi, akanitazama. Kwa mara ya kwanza maishani niliona baba ana woga.

Akapuliza.

Maji hayakutoka kwanza. Yalitoka meno.

Yalipita juu ya kichwa changu, nikasikia "ta!" kwenye sahani. Nikageuka. Yamekaa kwenye karanga za mama mkwe, yakimwangalia.

Mtu wa muziki alipunguza sauti, na huyo huwa hapunguzi hata kwa ajili ya sala.

Baba akatazama sahani. Akamtazama mama mkwe. Akajishika ufizi. Kisha wakuu, kicheko alichokuwa amekibana siku zote zile kikatoka chote kwa pamoja. Macho yamefumba, mdomo wazi, ufizi wote nje.

Héritier akasimama.

"Eeeh! Ni yeye! Ni muzee ya stika!"

Simu zikatoka kila upande. Watoto wakapiga kelele, kama nilivyotabiri. Nilitamani ardhi ya Lumumba ipasuke inimeze na blanchiment yangu.

"Stika ni nini?" baba akauliza.

Héritier akasogea na simu, sasa akikumbuka huyu ni baba mkwe wa dada yake. Baba akaishika mbali na macho, akaitazama sana. Mimi nilikuwa chini, magoti yananiuma, sipati pa kuangalia.

"Hii ni ku arusi ya mutoto ya Ukumu," akasema. "Ile siku nilicheka mpaka tumbo ikaniuma. Sasa watu wanatumaga hii juu ya nini?"

Nikafumba macho.

"Muzee," Héritier akasema, "mutu akipata habari ya muzuri sana, anatuma hii. Siku walituambia tarehe ya mahari, mi nilituma hii."

"Mi natumaga kila asubui ku groupe ya bamama ya kanisa," mama mkwe akadakia, uso wote umefunguka, meno ya baba mkononi mwake ndani ya kitambaa. "Kumbe weye ndiye baba yetu!"

Baba akarudisha simu. Akanigeukia.

"Weye ulikuwa unajua hii picha?"

"Ndiyo, baba."

"Na ndiyo sababu ya meno?"

Nikaitikia kwa kichwa. Niliona haya, si haya ile ya stika, haya nyingine kabisa. Mwenzangu Asifiwe alinibana mkono.

Baba hakunigombeza. Akachukua kibuyu, akabugia maji tena, akapuliza. Yalipita pale kwenye nafasi ya meno, laini, yameenea sawasawa, yakatulowesha wote wawili usoni. Vigelegele vikapigwa. Mimi nililia, na kwenye video inaonekana wazi, meno meupe peee, machozi yanachuruzika.

Siku anarudi Mahagi nilimsindikiza kwenye gari. Mama mkwe alikuwa amemrudishia meno. Baba akanitia mkononi kitambaa kile, meno yakiwa ndani.

"Siku ingine ukisikia haya juu yangu, vaa weye."

Akapanda gari.

Funzo langu, wakuu: aliyepoteza meno na anataka kutafuna au kujisikia vizuri, aende kwa docta, asikilize anachoambiwa na arudi akiitwa. Ila kabla ya kumtengenezea mtu tabasamu, muulize kwanza kama lake lina tatizo, au tatizo ni la kwako.

Waliowahi kurekebisha wazazi wao ili waonekane kwenye picha, njooni tupeane pole hapa chini. Wenye dawa ya meno yanayouma kwa baridi pia karibuni.

Na mkitaka kunijibu kwa stika, najua mtachagua ipi. Tumeni tu. Nilimnunulia baba simu kubwa, na kila asubuhi ananitumia hiyohiyo yeye mwenyewe.