Tulipotaka Kwenda kwa Shangazi, Difu Ikavuja

Habari kwamba shangazi hawezi tena kuinuka kitandani ilitufikia Jumapili. Kesho yake Baba aliamka mapema, akavaa koti lake la kanisani na kufunga godoro jipya nyuma ya pikapu. Alitaka kumpelekea dada yake kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi ndiye aliyemlea kule Karagwe, mama yao alipofariki, na yeye mwenyewe alikuwa bado msichana.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nimsindikize. Nilipotoka nje nilimkuta ameinama kando ya gurudumu la nyuma. Kwenye uwanja wetu mdogo wa Batsinda, hapa Kigali, ambao Mama huufagia kila siku, kulikuwa na doa pana la oili nzito, inayonuka kama yai viza.

"Difu," alisema bila kuniangalia. Alimaanisha lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kifuniko chake kilikuwa kimeloa chote.

"Baba, twende na basi."

"Na godoro? Basi linatuacha barabarani. Kule juu mlimani kwa shangazi yako nani atalibeba?"

Goti la Baba halikumruhusu hata kushuka ngazi za kanisa vizuri. Sikubishana. Tuliongeza oili, tukaenda polepole hadi mtaa wa Nyakabanda, kwa fundi aliyekulia Bujumbura. Baba alimpenda kwa sababu aliweza kuongea naye Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini Baba aliendesha malori ya Tanzania kwa miaka mingi, na mambo ya gari huyasema kwa Kiswahili tu.

Fundi alimwaga oili kwenye beseni, akafungua kifuniko, akakwangua mabaki ya gasketi ya zamani, ile karatasi inayozuia oili isipenye. Kisha akakilaza kwenye kipande cha kioo na kukibonyeza kwa kidole. Kilicheza.

"Muzehe, iko na kombo," alisema. "Hapa kwenye matundu ya bolti. Mtu alikaza sana."

Baba alikichukua kifuniko, akapapasa matundu. "Ni mimi. Nilidhani nikikaza zaidi itaacha kuvuja."

"Wote tunafanya hivyo," fundi alisema, na kwa namna alivyosema niliona mabega ya Baba yakilegea.

Akamweleza njia mbili. Angeweza kukata gasketi ya karatasi, akafunga, akajaza oili, tukaondoka mchana uleule. Lakini karatasi inataka chuma kilichonyooka, na kile hata kikigongwa kingebaki na mashimo madogo ya kutu. Ingeweza kushika, ingeweza kuachia kwenye milima. Njia ya pili ilikuwa silikoni ile nyeusi isiyoliwa na oili, inayojaza hata palipolika. Ila silikoni lazima ikauke. Oili ingetiwa kesho yake asubuhi.

"Weka vyote viwili," Baba alisema. "Karatasi, na silikoni juu yake."

"Hapana, muzehe. Karatasi itateleza nikikaza. Itatoka nje."

Baba alikaa kwenye tairi kuukuu, mikono kati ya magoti. Nilijua anachowaza, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nikikiwaza: je, kama kesho tutakuwa tumechelewa? Nilitaka kumwambia achague karatasi. Nilitaka pia kumwambia asichague. Mwishowe nilimpigia shangazi na kumpa Baba simu.

"Dada, gari limeharibika. Naweza kujaribu kuja leo, au nije kesho likiwa zima."

Sauti ya shangazi ilikuwa nyembamba, lakini niliisikia. "Uje kesho. Unataka nilale nikikuwazia wewe njiani?"

Baba alimrudishia fundi kifuniko. "Tia silikoni."

Walikifanyia kazi pamoja. Baba aligonga ukingo kwa nyundo ndogo hadi ukalala sawa kwenye kioo, fundi akasugua kila upande kwa kitambaa chenye petroli. Akachora mstari mmoja wa silikoni, akizunguka upande wa ndani wa matundu ya bolti, akabandika kifuniko na kufunga kwa vidole tu. Baadaye akakaza kwa spana, bolti moja huku, nyingine upande wa pili.

Tulirudi nyumbani kwa teksi, na Baba hakula.

Kesho yake fundi alijaza oili, akaendesha hadi juu ya mtaa na kurudi, akapitisha kitambaa cheupe chini ya difu. Kilitoka kikavu. Tukaondoka.

Shangazi tulimkuta amelala kwenye mkeka uliotandikiwa mablanketi, amekonda kupita nilivyotegemea, macho yakiwa yaleyale. Baba alimnyanyua kama mtoto, nikasogeza godoro chini yake. Shangazi alishika mkono wa Baba akaunusa.

"Unanuka gereji," alimwambia.

"Nimenawa mara nyingi."

"Acha tu. Kaa."

Jioni Baba aliniambia nirudi Kigali peke yangu, yeye atabaki. Alibaki hadi shangazi alipoweza kutoka nje kuota jua akiwa ameshika ukuta, na kila nilipopiga simu niliwasikia wakibishana kuhusu chumvi ya uji.