Mistari ya Mwisho ya Mzee Gathercole

Mtu angeniambia kwamba siku moja nitamshukuru Mzee Silas Gathercole, ningemcheka usoni. Miaka tisa nilipanga herufi za risasi ubavuni pake, katika kiwanda cha kuchapa vitabu pale Clerkenwell, London, na sikumpenda hata chembe. Mchoyo wa maneno, mchungu kama shubiri, na tena ndiye kiongozi wetu. Sisi wapanga herufi umoja wetu tunauita kanisa, ingawa kinachonywewa humo si divai ya altare, na mkuu wake ni baba wa kanisa. Ukipiga mluzi kazini, baba wa kanisa anakushtaki, unawanunulia wenzako bia. Mimi nilishtakiwa mpaka nikazoea.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kutoa nje habari za kitabu ambacho hakijauzwa. Mwaka huo tulikuwa tunachapa hadithi ya mama mmoja anayemsubiri mwanawe arudi kutoka vitani. Ilitoka kipande kila mwezi, na mji mzima haukuwa na habari nyingine. Jaladani mwandishi alitia jina la kiume, lakini sisi hatukudanganyika: nyuma ya karatasi moja ya muswada wake tulikuta orodha ya soksi za watoto za kutiwa viraka. Wakubwa walinung'unika magazetini kwamba riwaya zinawapumbaza wafanyakazi, kisha hao hao wakamwandikia mwandishi kumsihi amrudishe kijana nyumbani.

Mama yangu, Keziah Tidmarsh, hakujua kusoma. Kila kipande nilimsomea mimi. Mdogo wangu Amos alikuwa amekwenda vita vya Krimea, na jina lake halikuonekana kwenye orodha ya waliokufa wala ya waliorudi. Kumwita marehemu mbele ya mama ilikuwa mwiko. Tulimpa moyo tu: labda yuko hospitali, labda meli imechelewa.

Basi mama akaanza kukohoa damu. Daktari akaniita kando, akasema hamalizi wiki. Kipande cha mwisho kilikuwa kimebakiza siku kumi na mbili kutoka. Mama hakuomba dawa. Aliniomba nimwambie kama yule kijana alirudi kwa mama yake.

Nami nilikuwa sijui, ingawa nilikipanga kitabu chenyewe. Msimamizi huukata muswada kwa mkasi, kila mtu akapewa mistari yake, ili kazi iende mbio. Mimi nilipata mvua na harusi ya jirani. Jumamosi nikazunguka kuwabembeleza wenzangu. Wanne wakakubali kuvunja sheria. Mistari ya mwisho kabisa alikuwa nayo nani? Gathercole. Nilimweleza kila kitu. Akaendelea kunawa mikono, akatwaa kofia yake akaondoka. Nilimtukana moyoni matusi yote niliyoyajua.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakakizunguka kitanda cha mama, kila mmoja akasimulia kipande chake. Mama alisikiliza macho yamefumbwa. Tulipofika mwisho tukakwama. Ned Pobjoy, mtu wa huruma iliyopitiliza, akaanza kutunga: kijana akatokea barabarani, akapunga kofia. Mlango ukafunguliwa. Gathercole huyo, kavaa koti lake la ibada.

"Nyamaza, Pobjoy," akasema. "Hayo hukuyapanga wewe, wala hayamo."

Akavua kofia, akavuta kiti karibu na mama.

"Mama Tidmarsh, uniwie radhi. Kijana hakurudi. Ilikuja barua ya rafiki yake aliyemzika. Mama yake akaufunga mlango aliokuwa akiuacha wazi, akakaa chini akamlilia."

Nilitaka kumkaba koo. Mama akamshika mkono.

"Ahsante, baba," akasema. "Hawa mwaka wa pili wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nawaitikia, nisije nikawavunja moyo."

Akanigeukia mimi. "Enoch mwanangu, mwite mchungaji. Amos hajasomewa ibada ya wafu."

Jumatatu Gathercole alisimama mbele ya kanisa letu akajishtaki mwenyewe. Aliuliza nani anamtia hatiani. Hakuna aliyeinua mkono. Akainua wake, akatununulia bia, uso umekunjamana vilevile. Nilipojaribu kumshukuru akaniambia kazi inaningoja. Hata leo namshukuru, na mwandishi yule nisiyemjua sura namshukuru, kwa kuwakatalia wakubwa wote wale.

Jumanne mchungaji akaja. Mama alikuwa amebakiwa na siku mbili tu duniani, lakini alitaka akalishwe kitini, avalishwe nguo nyeusi. Gathercole alisimama mlangoni. Mchungaji alipolitaja jina la Amos, mama akalia kwa sauti, nami nikalia naye. Miaka miwili tulikuwa tumemnyima hata kilio hicho.